Barbados kwa hoteli ndogo na sahani za wenyeji: mwongozo kamili

Dereva wa teksi aliniambia "arobaini", nami nikamhesabia dola arobaini za Marekani. Akanishukuru kwa namna iliyonitia wasiwasi. Kesho yake asubuhi mama mwenye nyumba ya wageni akanieleza, huku akinimiminia chai, kwamba ile arobaini ilikuwa ya dola za Barbados. Nilikuwa nimelipa safari mbili kwa moja.

Barbados ni kisiwa kidogo cha Karibiani: urefu wake ni kilomita 34 hivi, upana 23, eneo lake kama robo ya Unguja. Kina sifa ya ughali, na sifa hiyo si ya uongo ukilala kwenye mahoteli makubwa ya pwani ya magharibi na kula humohumo siku zote. Lakini kuna Barbados nyingine: nyumba za wageni za vyumba sita au kumi, jiko dogo pembeni mwa chumba, basi la bei moja kisiwa kizima, na chakula chenye siku yake na saa yake. Anayeijua kalenda hiyo hula vizuri kwa pesa ya kawaida. Asiyeijua hufika dirishani saa tisa alasiri akaambiwa chakula kimekwisha, kisha anarudi kwenye mgahawa wa watalii akinung'unika.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Msimu wa bei za juu ni kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili, wakati Wazungu na Wakanada wanakimbia baridi. Katikati ya Aprili bei za vyumba hushuka, na hoteli ndogo huwa tayari kusikiliza ukiomba punguzo la kukaa wiki nzima.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi mwisho wa Novemba. Barbados imekaa mashariki, nje kidogo ya safu ya visiwa vingine, na vimbunga vingi hupita bila kuigusa sawasawa. Hilo lisikufanye ujiamini kupita kiasi. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini ya kisiwa, na mawimbi yake yalivunjavunja mashua za wavuvi pale Bridgetown. Ukisafiri miezi hiyo, bima ya safari si ya hiari.

Mwanzoni mwa Agosti ni kilele cha Crop Over, sikukuu iliyotokana na mwisho wa mavuno ya miwa. Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo ni Grand Kadooment, siku ya maandamano ya mavazi na muziki, na vyumba hujaa mapema. Septemba ni mwezi mkimya kuliko yote. Bei ziko chini, lakini migahawa mingi midogo hufunga ili wenyewe nao wapumzike, kwa hiyo anayefuata chakula asiende Septemba. Mimi ningechagua Mei, au wiki ya mwisho ya Novemba. Nitakwambia sababu ya Novemba tukifika kwenye chakula.

Hatua ya 2: Karatasi

Wenye pasi za Kenya, Tanzania na Uganda huingia Barbados kwa matembezi bila viza. Hata hivyo hakikisha na idara ya uhamiaji ya kule kabla ya kulipia tiketi, maana masharti hubadilika. Ugumu wenyewe uko njiani. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki, hivyo utapitia London, Marekani, Kanada au penginepo Ulaya. Marekani haina utaratibu wa kupita uwanjani bila viza, hata kama hutoki nje ya mlango. Uingereza nayo huwataka wengi wetu wawe na viza ya kupita. Ndugu wenye pasi ya Kongo waangalie pia sharti la viza ya uwanja wa ndege kwenye nchi za Schengen. Anayeishi Toronto au London akiwa na makaratasi ya huko ameepukana na mzigo huu wote.

Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Barbados huidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na ofisa hatajali kwamba umeishi Nairobi miaka yote bila kuumwa. Fomu ya uhamiaji hujazwa mtandaoni kabla ya safari. Uwe pia na tiketi ya kurudi na anwani kamili ya unapolala, kwa sababu "kwa rafiki yangu Christ Church" si jibu. Christ Church ni wilaya nzima.

Hatua ya 3: Chagua upande wa kisiwa

Wilaya ziko 11, zote zimepewa majina ya watakatifu isipokuwa hiyo Christ Church. Kwa mtafuta hoteli ndogo, hesabu ni nyepesi.

Magharibi, wilaya ya Saint James, bahari ni tulivu kama maji ya beseni, na bei zake ni za watu wenye boti zao. Pita, oga, uondoke. Fukwe zote za Barbados ni za umma, hata zile zilizo mbele ya hoteli za kifahari, kwa hiyo huna haja ya kulala pale ili uogelee pale.

Kusini ndiko kwenye nyumba nyingi za wageni na hoteli ndogo: Hastings, Rockley, Worthing, St Lawrence Gap, Dover, Maxwell hadi Oistins. Barabara kuu moja huunganisha maeneo haya yote, basi hupita kila dakika chache, na kwa miguu unafika dukani. Kama ni safari yako ya kwanza, lala kati ya Worthing na Oistins. St Lawrence Gap ni mtaa wa baa na muziki. Ni pazuri kuutembelea, lakini kulala kunategemea chumba chako kinatazama wapi. Niliwahi kupanga chumba juu ya ukumbi wa karaoke bila kujua, na usiku wa Jumamosi nikajifunza nyimbo ambazo sikuwa nimeziomba.

Mashariki ni Bathsheba, pwani ya Atlantiki: mawe makubwa, upepo, na mawimbi yanayopendwa na wacheza ubao. Bahari ile si ya kuogelea. Wenyeji wenyewe hujilaza kwenye vidimbwi vilivyozungukwa na miamba, hawaendi ndani. Nyumba za wageni ni chache, usiku ni giza la kweli, na chakula cha jioni usipokiagiza mapema unaweza kulala na biskuti. Siku mbili huko zinatosha, na ni siku mbili nzuri mno.

Kuna jambo moja la mashariki na kusini mashariki. Tangu mwaka 2011 mwani wa kahawia unaoitwa sargassum huja kwa vipindi, ukarundikana ufukweni na kunuka kama mayai viza. Mwulize mwenye hoteli wiki moja kabla ya kwenda. Atakwambia ukweli, maana naye unamkera.

Hatua ya 4: Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa amana

Ukishapata hoteli mbili tatu kwenye tovuti za kupangia vyumba, iandikie kila hoteli moja kwa moja kwa barua pepe au WhatsApp. Hoteli ndogo nyingi huendeshwa na familia, na mwenye kujibu mara nyingi ndiye mwenye mali. Kumbuka kwamba Barbados iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba. Saa tisa alasiri ya Dar es Salaam, kwao ni saa mbili asubuhi, na hapo ndipo mtu yuko mapokezi na kikombe cha chai.

Swali la kwanza: bei hii ni ya dola gani, na ina nini ndani? Juu ya bei ya chumba kunaweza kuwa na kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya serikali ya kila usiku, na ada ya huduma ya asilimia 10. Hoteli moja huandika bei yenye vyote, jirani yake huandika bei tupu kisha anaongeza mwishoni. Omba jumla ya mwisho kwa maandishi, kwa siku zote utakazokaa. Ukipata jumla mbili za namna hiyo ndipo unaweza kulinganisha.

Swali la pili: madirisha yanatazama wapi? Upepo wa Barbados hutoka mashariki karibu mwaka mzima. Chumba chenye madirisha ya upande huo, hasa yale ya vibao vya kufungua na kufunga, hukuepusha na kiyoyozi. Chumba kilichoegemezwa ukuta wa jirani upande wa magharibi ni tanuri ifikapo saa kumi. Kiyoyozi chenyewe ukiulizie: kimo kwenye bei, au kinalipiwa kwa siku?

Swali la tatu ni jiko. Vyumba vingi vya kusini vina jiko dogo, friji na sufuria mbili tatu. Hilo lina thamani kuliko kifungua kinywa cha bure cha mkate na jemu, na hatua ya mwisho itakuonyesha kwa nini. Kisha uliza kituo cha basi kiko umbali gani, kama kuna baa ya muziki jirani, na kama amana inarudishwa endapo kimbunga kitafunga uwanja wa ndege.

Ukiona majibu yanakuja kwa ufupi wa hasira, tafuta pengine. Nyumba ya vyumba vinane haina pa kujificha na mwenyeji mkorofi.

Hatua ya 5: Pesa

Tangu mwaka 1975 dola ya Barbados imefungwa kwenye dola ya Marekani: mbili za kwao kwa moja ya Marekani. Hesabu haibadiliki, na dola za Marekani hupokelewa karibu kila mahali, na mkanganyiko wote unaanzia hapo. Bei ya teksi, ya chumba, ya kamba wa kuchoma, yote huenda ikatajwa bila jina la pesa. Uliza kila mara: "Bajan or US?" Bajan ndivyo wenyeji wanavyojiita, na ndivyo wanavyoiita pesa yao.

Toa pesa za kwao kwenye mashine ya benki siku ya kwanza. Ukilipa kwa dola za Marekani, chenji utarudishiwa za Barbados, na zile nje ya kisiwa karibu hakuna atakayekubadilishia. Weka akiba ya noti za dola mbili, sarafu za dola moja, zile zenye pembe saba, na za senti 25. Zina kazi yake.

Hatua ya 6: Basi

Kazi yenyewe ni hii: nauli ni dola 3.50 za Barbados, uende kituo kimoja au uvuke kisiwa. Mabasi ni ya namna tatu. Yale makubwa ya buluu ni ya serikali, na dereva hana chenji, kwa hiyo upande na nauli kamili mkononi. Yale ya njano ni ya watu binafsi. Ya tatu ni vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, namba zao zikianza na ZR, na watu huviita hivyo hivyo, "zed-ar". Mtu wa matatu au daladala atajiona amefika nyumbani: muziki juu, konda mlangoni, na kiti cha watu watatu kinachokaliwa na wanne. Chenji wanayo. ZR namba 11 hupita barabara ya kusini, kutoka Bridgetown hadi Silver Sands kupitia Worthing na Oistins.

Vibao vya vituo vimeandikwa maneno mawili tu: kuelekea mjini, au kutoka mjini. Mji ni Bridgetown. Magari hupita kushoto kama kwetu, hivyo ukitaka mjini simama upande wenye kibao cha mjini na unyooshe mkono. Mabasi hupita pia mbele ya uwanja wa ndege wa Grantley Adams, na mwenye begi moja la mgongoni anaweza kufika Oistins kwa nauli hiyo hiyo ya 3.50.

Teksi zina namba inayoanza na Z. Hazina mita, bei ni ya kupatana. Yaliyonipata mimi nimekwisha kuyasema.

Hatua ya 7: Adabu za nyumba

Salamu kwanza. Ukiingia dukani, mapokezi, hata ndani ya basi, husema "good morning" au "good afternoon" kabla ya neno jingine lolote. Anayeanza na "nataka chumba" huhudumiwa, ila kwa uso mkavu. Kwetu tuliolelewa kwa shikamoo hili halina ugumu, na nimeona mlango ukifunguka kwa salamu tu: chumba cha juu chenye upepo, ambacho jioni ile "kilikuwa kimejaa", asubuhi kilipatikana.

Mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni. Mjini na dukani vaa shati, kama ambavyo ungefanya Lamu au Mji Mkongwe. Na nguo yoyote yenye madoa ya kijeshi iache nyumbani, hata ya mtoto. Sheria ya Barbados inakataza raia kuivaa.

Maji ya bomba ni salama kunywa, kwani huchujwa na mawe ya matumbawe ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kisiwa, hivyo usinunue chupa. Maji ya moto kwenye nyumba nyingi hutoka tangi la jua juu ya paa. Biashara hiyo ilishika mizizi huko tangu miaka ya 1970. Huwa ya moto hasa jioni, na siku ya pili ya mawingu huwa ya uvuguvugu. Umeme ni volti 115 na soketi ni zile za Kimarekani za meno mawili bapa. Chaja ya simu itafanya kazi ukiwa na adapta. Birika au pasi uliyotoka nayo nyumbani haitapata moto.

Usiku wa kwanza utasikia mlio mwembamba wa maelfu ya filimbi, ukadhani ni ndege au mitambo. Ni vyura wadogo kama kucha ya kidole gumba. Hawaingii kitandani. Na ukikaa ufukweni, epuka mti uliopakwa mstari mwekundu kwenye shina au wenye kibao cha onyo. Ni manchineel: matunda yake yanafanana na tufaha dogo la kijani na yana sumu kali, na hata maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye majani yake hubabua ngozi.

Hatua ya 8: Kula kwa kalenda

Anza na mchana wa siku za kazi, kwani ndio mlo mkubwa wa watu. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa nane hivi, vibanda, kantini na magari ya chakula huuza sahani moja iliyojaa: wali na mbaazi, pai ya makaroni, samaki au kuku, ndizi mzuzu za kukaanga, kachumbari ya kabichi. Simama penye mstari wa makarani na mafundi ujenzi. Ifikapo saa nane na nusu yatakayobaki ni makaroni tu. Ndiyo, makaroni huokwa na jibini hadi ikatwe vipande kama keki, na ndiyo kiburi cha kila mama wa Barbados. Usimwambie ya jirani yake ni tamu zaidi.

Alhamisi mchana, Martin's Bay, wilaya ya Saint John, kijiji kidogo cha wavuvi pwani ya mashariki. Watu huacha kazi mapema kwenda kula samaki na kupiga soga wakitazama Atlantiki. Wao huita kukaa hivi "lime", na siyo neno la haraka.

Ijumaa ni siku mbili kwa pamoja. Mchana tafuta cou-cou na samaki panzi, chakula cha taifa. Cou-cou ni ndugu wa ugali: unga wa mahindi unasongwa kwa mwiko bapa wa mbao, ila ndani mna bamia, na maji yaliyochemshia bamia hizo ndiyo yanayosongea unga. Matokeo yake ni laini, hutelezeka, na humwagiwa mchuzi. Usikate tonge kwa mkono, utaaibika, haishiki. Samaki panzi, yule arukaye juu ya maji kama jina lake, hutolewa miiba yote, hupakwa viungo, akakunjwa na kupikwa kwa mvuke. Msimu wake ni kati ya Desemba na Juni. Nje ya hapo mara nyingi utakula wa friza.

Ijumaa usiku ni Oistins. Vibanda vya samaki kandokando ya soko la wavuvi, moshi, muziki, wazee wakicheza dansi za zamani upande mmoja na vijana upande mwingine. Fika saa kumi na mbili na nusu jioni ukitaka kiti. Ukifika saa mbili usiku mabasi ya watalii yameshateremsha watu na utasubiri saa nzima. Usikimbilie kibanda chenye mstari mrefu kuliko vyote, ambacho wageni wamesoma habari zake. Zunguka mara moja, angalia makaa, tazama nani anachoma alichoagizwa na nani anapasha kilichochomwa zamani, kisha amua. Mwambie "grilled" kwa wa kuchoma, "fried" kwa wa kukaanga. Kama umati haukupendezi, nenda Jumanne au Jumatano: vibanda kadhaa huwa wazi na mpishi ana nafasi ya kukusemesha.

Jumamosi ni ya "pudding and souse": nyama ya nguruwe iliyochemshwa na kulowekwa kwenye ndimu, matango na pilipili, pamoja na viazi vitamu vilivyopikwa kwa mvuke hadi viwe vyeusi na vitamu. Huuzwa majumbani, kibao kikiwa kimeegemezwa ukutani, na saa nane mchana sufuria zinakuwa tupu. Waislamu watapita mbali. Sisi wengine tunaagiza Ijumaa kwa simu.

Jumapili watu wako kanisani, kisha nyumbani. Maduka mengi yamefungwa na migahawa midogo pia. Suluhisho ni chakula cha mchana cha kujipakulia kwenye hoteli, na cha Bathsheba ndicho ninachokipenda. Atlantis, hoteli ndogo pale Tent Bay iliyokuwapo tangu karne ya 19, ina jina kwa meza yake ya Jumapili. Panga nafasi siku chache kabla, nenda kwa basi la asubuhi kutoka Bridgetown, na uulize saa ya basi la mwisho kabla hujakaa kula. Jumatatu nayo wapishi wengi hupumzika. Ndiyo siku ya kupika mwenyewe.

Novemba sasa. Mwezi huo, kuelekea sikukuu ya uhuru ya tarehe 30 (uhuru ulikuwa mwaka 1966, na tarehe hiyohiyo mwaka 2021 nchi ikawa jamhuri), kila mahali panauzwa conkies: unga wa mahindi, nazi iliyokunwa, boga, viazi vitamu, sukari na viungo, vikafungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Nilipofungua la kwanza, harufu ya jani lile la moto ilinirudisha jikoni kwa bibi. Ukibaki hadi Krismasi utakutana na jug-jug, mtama uliopondwa na mbaazi na nyama. Mtama huo ulivuka bahari kutoka Afrika.

Kati ya milo, kuna vya kushika mkononi. "Cutter" ni mkate wa mviringo uliojazwa samaki, yai au jibini, na ya samaki ya kibanda cha Cuz karibu na ufukwe wa Pebbles, Bridgetown, inastahili mwendo wa miguu. "Bread and two" ni mkate huo huo na vidonge viwili vya samaki wa chumvi vilivyokaangwa kama bagia. Chefette, mikahawa ya haraka ya wenyeji iliyoanza mwaka 1972, huuza roti: chapati iliyokunjwa ikiwa na mchuzi wa viazi na kuku ndani, iliyokuja kwa Wahindi kupitia Trinidad na Guyana. Ni usalama wako wa usiku wa manane.

Na maduka ya ramu: vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi kali, karibu kila kijiji. Si lazima unywe. Agiza soda, mauby (kinywaji cha magome, kitamu kisha kichungu) au cutter ya jibini, salimu watu wote, keti. Kwenye meza patakuwa na dhumna zikigongwa kwa kishindo kama baraza la Unguja.

Hatua ya 9: Kusoma menyu na bili

Ukikuta "dolphin", usishtuke: si pomboo. Ni fulusi, samaki yule wa rangi ya dhahabu na kijani, anayeitwa pia mahi mahi. "Pepper sauce" ni ya njano kwa sababu ya haradali na bizari, nayo inaonekana mpole. Imetengenezwa kwa pilipili za jamii ya pilipili mbuzi. Tone moja pembeni ya sahani kwanza.

Nguruwe huingia pasipotarajiwa: kwenye wali, kwenye mchuzi wa mbaazi, kwenye jug-jug. Uliza kila sahani. Bridgetown kuna jamii ya Waislamu wenye asili ya Gujarat na misikiti yao, na dukani kwao ndipo pa kuulizia kuku wa halali. Samaki, kwa vyovyote, hupatikana kila kona.

Kwenye bili tafuta ada ya huduma ya asilimia 10. Ikiwemo, bakshishi umeshalipa, na ziada ni kwa hiari yako. Angalia pia kama bei za menyu zina kodi ndani, maana kodi ya mlo ni asilimia 17.5, na mahali inapoongezwa mwishoni sahani hubadilika sura.

Hatua ya 10: Soko na jiko lako

Jumamosi alfajiri nenda soko la Cheapside, Bridgetown. Utakuta viazi vikuu, viazi vitamu, bamia, stafeli, ukwaju, na shelisheli, ambalo wao huchoma zima juu ya makaa hadi ganda liwe jeusi. Samaki wanunue soko la Oistins mchana mashua zinaporudi. Wauzaji watakutolea miiba ya samaki panzi kwa kasi ya kutisha. Mchanganyiko wa viungo wa kijani, wa thaimu, majani ya kitunguu na pilipili, huuzwa kwenye chupa, na ukiupaka kwa samaki huhitaji kingine ila chumvi na ndimu. Beba mfuko wako, na usilenge kupika kila siku. Chakula cha jioni mara tatu kwa wiki kwenye jiko la chumbani kilitosha kulipia teksi zetu zote, ile ya siku ya kwanza ikiwemo.

Siku ya kuondoka hesabu dola za Barbados zilizobaki na uzimalizie kwenye pilipili ya njano. Ifunge kwa taulo uiweke kwenye begi la chini ya ndege, kwa sababu uwanjani huhesabiwa kuwa kimiminika, na mkaguzi aliyeninyang'anya yangu alionekana kufurahi sana.